Kongamano Kampala: Jinsi ya Kuomba Viza ya Uganda na Kupita Mpakani Salama

Msimu wa makongamano ukikaribia, maswali yanayotufikia sisi wenyeji wa Kampala huwa ni yale yale. Viza nalipia wapi? Barua ya mwaliko iandikweje? Nikija kwa basi itakuwaje? Mwongozo huu ni wa anayekuja kuwasilisha mada Makerere, Kyambogo au kwenye kumbi za Munyonyo, awe mwalimu kutoka Dodoma au mtafiti wa Kiswahili aliyeko Leipzig. Viza ya Uganda yenyewe haina ugumu mkubwa. Wengi wanaokwama hukwamishwa na kadi ya homa ya manjano, au na karatasi zao wenyewe, moja ikisema hili na nyingine lile.

Kwanza, je, unahitaji viza?

Mtanzania, Mkenya, Mnyarwanda na Mrundi hahitaji. Mkenya na Mnyarwanda wanaweza kuvuka hata kwa kitambulisho cha taifa, mpango ulioanza mwaka 2014. Mtanzania aje na pasipoti au hati ya dharura ya safari. Raia wa nchi zilizojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki baadaye, yaani Sudan Kusini, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Somalia, wasome kwanza orodha ya nchi zilizosamehewa viza kwenye tovuti ya uhamiaji ndipo wakate tiketi.

Hata kama kitambulisho kinakutosha, mimi ningekushauri uje na pasipoti. Mhasibu wa chuo chako atataka ushahidi kwamba ulisafiri kweli kabla ya kukulipa posho, na hakuna ushahidi unaomnyamazisha mhasibu kama muhuri wa uhamiaji. Ukiamua kuja na kitambulisho, tunza kila karatasi utakayopewa mpakani.

Kinachoangaliwa ni uraia, si mahali unapoishi. Mtanzania anayefundisha Ujerumani haombi viza. Mjerumani anayeishi Zanzibar anaomba.

Anza na sindano

Uganda hutaka mgeni anayeingia awe na cheti cha kimataifa cha chanjo ya homa ya manjano, ile kadi ya njano. Anayeomba viza huipakia pamoja na fomu, kwa hiyo asiye nayo hata maombi yake hayasogei. Asiyehitaji viza naye huiacha nyumbani akidhani haimhusu, kisha anaulizwa akiwa tayari yuko kwenye foleni.

Hesabu ya siku ndiyo inayowaponza watu. Kwa anayechanjwa mara ya kwanza, cheti huanza kutumika siku 10 baada ya sindano. Ukichanjwa Jumatatu ukasafiri Ijumaa ya wiki hiyo hiyo, kadi unayo lakini haijaanza kazi. Kwa hiyo chanjo itangulie kila kitu, hata kabla waandaaji hawajakutumia ratiba. Na ukishachanjwa umemaliza: tangu Julai 2016, kanuni za Shirika la Afya Duniani zinakitambua cheti hicho kwa maisha yote ya mwenye nacho, hata kama kadi yako ya zamani imeandikwa kwamba ni ya miaka 10. Usirudie sindano kwa sababu tu tarehe iliyoandikwa imepita.

Usiondoke kituoni bila kuisoma kadi pale pale kaunta. Jina liwe kama lilivyo kwenye pasipoti. Pawe na tarehe ya chanjo, saini ya aliyekuchanja, jina la mtengenezaji na namba ya toleo la dawa, mara nyingi kwenye kistika kidogo kilichochunwa kutoka kwenye kichupa. Kisha muhuri rasmi wa kituo. Kadi isiyo na muhuri haina tofauti na kipande cha manila. Nenda kwenye kituo kinachotambuliwa na wizara ya afya ya nchi yako, na zile kadi zinazouzwa bila sindano usiziguse. Mwenye sababu ya kiafya ya kutochanjwa aje na barua ya daktari yenye muhuri.

Kadi hiyo itakufaa pia wakati wa kurudi, maana Uganda imo kwenye ukanda wa homa ya manjano. Tanzania na Afrika Kusini, kwa mfano, huidai kwa wasafiri wanaotokea huku.

Barua ya mwaliko

Iombe mapema, na usiombe barua ya jumla ya "kwa yeyote anayehusika". Unayoitaka iwe na nembo ya taasisi, tarehe, majina yako yote kama yalivyo kwenye pasipoti, namba ya pasipoti, jina la kongamano, ukumbi na tarehe zake, utakachokuja kufanya, nani analipia malazi, na simu ya mwenyeji anayepokea simu kweli. Mwenye mamlaka aisaini.

Hapo kwenye majina ndipo sisi Waswahili tunapojikwaa. Barua inasema "Dkt. Bakari", pasipoti ina majina matatu na Bakari ni la katikati, tiketi ya ndege ina mawili, na fomu ya viza umejaza jina la babu mahali pa ukoo kwa sababu ndivyo ulivyozoea shuleni. Kwa ofisa anayesoma mafaili mengi kwa siku, hao ni watu wanne. Fungua ukurasa wa picha wa pasipoti, uangalie jina lipi limewekwa kwenye mstari wa ukoo, kisha ulinakili hivyo hivyo kila mahali. Udaktari na uprofesa viache kwenye ratiba ya kongamano.

Tarehe nazo zioane. Kongamano likiwa la siku tatu na wewe unataka kukaa wiki mbili, waombe waandaaji wataje kipindi chote, au uambatishe nafasi ya hoteli ya siku zinazobaki.

Kujaza maombi

Maombi yanafanyika mtandaoni kwenye visas.immigration.go.ug, tovuti ya Kurugenzi ya Uraia na Uhamiaji iliyo chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani. Andika anwani hiyo mwenyewe. Ukitafuta tu "viza ya Uganda" utaletewa mawakala wenye kurasa za kupendeza, watakaokutoza juu ya ada ya serikali kwa kujaza fomu ambayo ungeijaza mwenyewe. Angalia mwisho wa anwani: pasipo na .go.ug, ondoka.

Kabla ya kufungua fomu, weka kwenye folda moja skani ya ukurasa wa picha wa pasipoti, picha yako ndogo ya rangi, kadi ya njano, barua ya mwaliko, na tiketi ya kwenda na kurudi au mpango wa safari. Pasipoti iwe na angalau miezi 6 kabla ya kuisha, na kurasa tupu. Mafaili yasiwe mazito kuliko tovuti inavyoruhusu. Picha ya pasipoti iliyopigwa kwa simu juu ya meza, kivuli cha mkono kikiwa kimefunika namba, itakuchelewesha bure, tafuta skana.

Chagua ombi jipya, kisha aina ya viza. Mshiriki wa kongamano anayeingia na kutoka humtosha viza ya kawaida ya kuingia mara moja, ambayo ada yake ni dola 50 za Marekani. Ipo pia viza ya pamoja ya utalii ya Afrika Mashariki, dola 100, ya siku 90, inayomruhusu mtu kuzunguka Uganda, Kenya na Rwanda. Inavutia, lakini imekusudiwa utalii, na huombwa katika nchi utakayoingia kwanza. Ikiwa sababu ya safari yako ni kuwasilisha mada, omba ile ya kawaida na useme ukweli. Kumbuka tu kwamba kuingia mara moja ni mara moja. Ukitoroka Jumamosi kwenda kutembea Kigali, ukirudi utahitaji viza nyingine.

Jaza sababu ya safari kwa maneno yale yale yaliyo kwenye barua. Anwani ya Uganda andika ya hoteli au hosteli ya chuo. Baruapepe ihakiki herufi kwa herufi, kwa kuwa majibu yote hupitia huko. Ada hulipwa kwa kadi ya benki, na benki nyingi huzuia malipo ya nje ya nchi mpaka uwaarifu, basi wapigie kwanza. Ukishatuma utapata namba ya ombi. Ihifadhi, ndiyo utakayoitumia kuangalia ombi limefika wapi. Majibu kwa kawaida huja ndani ya siku chache za kazi, lakini omba wiki tatu au nne kabla, ili ukiambiwa urekebishe picha usiwe tayari njiani kuelekea uwanja wa ndege.

Ukikubaliwa utapata barua ya idhini. Ichapishe. Simu huzimika, na wafanyakazi wa shirika la ndege wataitaka hata kabla hujapanda.

Kwa watafiti nina neno. Kuja kuzungumza kuhusu utafiti ni jambo moja, kukusanya data ni jingine. Ukipanga kubaki baada ya kongamano na kuwahoji watu, utafiti huo unapaswa kusajiliwa kwenye Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia la Uganda, na viza ya kongamano haitoshi.

Siku ya kuingia

Kwenye uwanja wa ndege wa Entebbe utapita kwanza kwa maofisa wa afya wanaoangalia kadi ya njano, kisha uhamiaji, ambako wenye viza huchukuliwa alama za vidole na picha. Ukiulizwa unakuja kufanya nini, jibu fupi: kongamano, mahali, siku. Huna haja ya kueleza ikisiri ya mada yako. Kabla ya kuondoka dirishani soma siku ulizopewa kwenye muhuri. Ndizo zinazokubana, si zile ulizoomba.

Wanaokuja kwa basi hupitia Busia au Malaba wakitokea Kenya, na Mutukula wakitokea Bukoba. Hivi ni vituo vya pamoja: unasimama mara moja tu, upande wa nchi unayoingia, na madirisha ya nchi zote mbili yako humo humo. Mabasi ya Nairobi mengi hufika usiku au alfajiri, watu wana usingizi, na ndipo mtu hugongewa muhuri wa kuingia bila ule wa kutoka. Hakikisha umepata yote miwili. Wabadilishaji fedha wanaokufuata nje wakwepe, hasa kama noti za Uganda zenye sifuri nyingi hujazizoea. Mwenye maboksi ya vitabu vya kuuza aandae orodha yenye idadi na bei kwa ajili ya watu wa forodha.

Kutoka Entebbe hadi mjini ni kama kilomita 40. Ile barabara ya kasi iliyofunguliwa mwaka 2018 ina tawi la kwenda Munyonyo, na gari dogo hulipia shilingi 5,000. Mwulize dereva kabla hamjaondoka kama ameihesabu kwenye bei. Teksi, kwa watu wa Kampala, ni ile unayoiita matatu au daladala. Ukitaka gari la peke yako sema "spesho". Dola zako ziwe noti mpya, safi, za 50 au 100, kwani ndogo na zilizokunjika hupata bei mbaya au hukataliwa kabisa. Laini ya simu isajili kwenye duka la kampuni yenyewe ukiwa na pasipoti. Plagi ni zile za pini tatu bapa kama za Kenya na Tanzania.

Siku zikikaribia kwisha na bado una shughuli, nenda uhamiaji Kampala uombe nyongeza kabla muda haujapita. Ukizidisha, faini huhesabiwa kwa kila siku, na utadaiwa pale pale Entebbe wakati wenzako wanaitwa kupanda ndege.