Kabla ya kuwasha seva ya orodha ya barua pepe kwenye wingu

Kabla hujakodi mashine pepe (kompyuta ya wingu) ya kuendeshea orodha ya barua pepe, yaani kikundi ambacho barua moja huwafikia wanachama wote, uliza kama barua zinaruhusiwa kutoka kwa poti 25, mlango ambao seva hutumiana barua. Google Cloud kwa kawaida huifunga. AWS, wingu la Amazon, huibana mpaka uombe ifunguliwe. Ikifungwa, usipoteze muda kusanidi upya: pitisha barua kwenye huduma ya usambazaji, inayotuma kwa niaba yako, kwa poti 587.

Chukua anwani ya IP ya kudumu, uikague kwanza Spamhaus, wanaoorodhesha anwani zinazotuma barua taka. Huenda aliyeitumia kabla yako alirusha barua taka, na adhabu yake ukairithi. Rekodi ya PTR, inayotoa jina la anwani ya IP, ilingane na jina la seva. SPF (rekodi ya seva zinazoruhusiwa kutuma kwa kikoa chako) na DKIM (sahihi ya kidijitali ya barua), weka zote mbili.

Kwenye DMARC, sera ya kikoa inayosema barua isiyothibitishwa kwa SPF wala DKIM ifanyweje, tulia usome. Nimeona kikundi kikikaribia kufa kwa sababu ya mwanachama mmoja mwenye anwani ya kikoa chenye sera ya p=reject, yaani barua inayojidai imetoka kwao bila uthibitisho ikataliwe. Kila alipoandika, Mailman, programu ya kuendeshea orodha, iliongeza jina la kikundi kwenye mada na maelezo ya kujitoa chini ya barua, hivyo sahihi ya DKIM ikavunjika. Seva za wapokeaji zikaikataa. Mailman nayo ikawahesabia wapokeaji alama moja kwa kila siku ya kukataliwa, alama zikafika 5, ikawasimamishia barua watu ambao hawakukosea lolote. Wao wakadhani kikundi kimenyamaza. Wasimamizi wakadhani watu wamechoka. Inaumiza, maana hakuna aliyelalamika.

Tatizo hili lilienea Aprili 2014, Yahoo ilipoweka sera hiyo, na bado lipo. Dawa imo kwenye mipangilio ya orodha, sehemu ya DMARC: anwani ya mtumaji ibadilishwe iwe ya orodha, ya mwandishi ihamie kwenye Reply-To, sehemu ya anwani ya kujibiwa. Jaribu kwa anwani ya kikoa chenye p=reject kabla ya kumwalika mtu yeyote.

Usimwingize kwenye orodha mtu ambaye hajathibitisha mwenyewe kwamba anataka. Tangu 2024, Gmail inawadai wanaowatumia watumiaji wake barua 5,000 na zaidi kwa siku waweke DMARC, na zile za matangazo ziwe na njia ya kujitoa kwa mbofyo mmoja. Seva isikubali kusambaza barua za wasiojulikana. Nakala rudufu zikae nje ya mashine hiyo, na ujaribu kuzirejesha. Soma logi (kumbukumbu za kazi za seva) kila siku, hasa wiki za mwanzo, na foleni ya barua ikirefuka ghafla, simamisha utumaji kwanza ndipo utafute chanzo.