Namna ya kulinganisha majaribio ya dawa za saikedeliki kwa maradhi ya akili

Anza na ugonjwa, dawa baadaye. Kati ya dawa hizi, zinazobadilisha kwa muda namna mtu anavyoona na kuhisi mambo, MDMA imejaribiwa hasa kwa kiwewe (PTSD), silosaibini (ya uyoga) kwa sonona, LSD kwa wasiwasi uliokithiri, ketamini kwa sonona isiyosikia dawa za kawaida. Kila ugonjwa una mizani yake ya kupimia dalili, kwa hiyo alama za jaribio moja huwezi kuzipanga kando ya za jingine ukamtangaza mshindi.

Kisha tazama kundi la ulinganisho. Katika jaribio la MDMA la 2023 lenye watu 104, asilimia 71 ya waliopewa dawa hawakuwa tena na vigezo vya kiwewe. Inavutia, mpaka usome kwamba waliopewa plasebo (dawa bandia) pamoja na mazungumzo yaleyale ya tiba walifikia 48. Cha dawa ni ile tofauti: pointi 23 hivi. Kwa silosaibini (2022, watu 233), miligramu 25 zilishusha alama za sonona kwa 12 katika wiki 3, miligramu 1, dozi ndogo ya ulinganisho, kwa 5.4. Usiishie hapo, nenda wiki ya 12, ambako ni kama mtu mmoja kati ya watano tu wa dozi kubwa aliyebaki na nafuu.

Hapa ndipo wengi hupotea: mgonjwa anajua alichomeza. Anayeona rangi zikicheza hudhani amepata dawa, naye hutarajia kupona. Asiyeona kitu huvunjika moyo, na alama zake hubaki palepale. Pengo hutanuka bila dawa kuongeza chochote. Tafuta kama washiriki waliulizwa wakisie kundi lao. Suala hili lilikuwa miongoni mwa hoja kabla Marekani haijakataa kuidhinisha MDMA kuwa tiba Agosti 2024.

Miligramu hazilinganishwi. Mikrogramu 100 za LSD hulevya hadi saa 12. Ketamini, nusu miligramu kwa kila kilo ya mwili kwa dripu ya dakika 40, huisha ndani ya saa mbili. Nafuu yake huja upesi lakini mara nyingi hufifia ndani ya siku chache, hivyo hesabu idadi ya dozi, na saa za wahudumu pia.

Mwisho, soma waliozuiwa kushiriki. Waliowahi kupata saikosisi (kupoteza uhusiano na uhalisia) huondolewa karibu kila mara, na kwa kuwa MDMA hupandisha shinikizo la damu, wenye presha isiyodhibitiwa pia. Wanaotumia lithiamu, dawa ya kuzuia hisia kuyumba, nao huachwa: ikikutana na silosaibini, zipo taarifa za degedege.