Kabla ya Masika: Jinsi Tunavyojiandaa na Mlipuko wa Maradhi Kwenye Makao ya Wazee

Wazee huniita Sista, nami kila asubuhi nawaamkia kitanda kwa kitanda. "Shikamoo babu. Shikamoo bibi." Ni adabu, ndiyo, lakini kwangu hicho ndicho kipimo cha kwanza cha siku. Bibi wa kitanda cha 4 hajawahi kunijibu "marahaba" tupu. Lazima aulize kama kahawa imeshaiva. Siku moja aliitikia kwa sauti ndogo, akageukia ukutani. Hakuwa na homa wala hakukohoa. Jioni alikuwa anahema haraka haraka, na kulipokucha tulikuwa na watatu wa namna hiyo.

Naandika haya kwa ajili yako wewe unayeanza kulea wazee hapa Dar es Salaam, iwe kwenye makao au nyumbani kwenu, maana wazee wengi wa nchi hii wanalelewa nyumbani.

Kwanza ujue kwamba mzee haugui kama kijana. Mafua yanayompandisha kijana homa ya kutetemeka yanaweza kumfanya mzee achanganyikiwe tu, aanguke akienda chooni, au akatae uji. Ukingoja joto lifike 38 umechelewa. Sisi tunashtuka likifika 37.8, au likipanda kwa nyuzi 1.1 juu ya joto lake la kawaida. Ndiyo maana lazima ulijue hilo joto la kawaida. Tuna babu ambaye akiwa mzima ana 36.1; kwake yeye 37.3 ni habari kubwa.

Kwa hiyo kitu cha kununua kabla ya vingine vyote ni daftari. La shule, la mistari, linatosha. Mpe kila mzee kurasa zake, uandike akiwa mzima: joto lake, anahema mara ngapi kwa dakika, anamaliza sahani au anaacha nusu, anapata choo mara ngapi, anatembea na fimbo au anashikiliwa, usiku analala au anazungumza. Kila zamu iandike, hata kama ni "kama jana". Mwanzoni wenzangu waliona ni kazi ya ziada. Lakini ukishakuwa na wiki mbili za "kama jana", siku iliyo tofauti inajitokeza yenyewe. Wazee wawili wakipata dalili zinazofanana ndani ya saa 72, tunauhesabu kuwa mlipuko na tunaanza kazi. Hatungoji majibu ya maabara. Kipindupindu kikiwa kimetangazwa mjini, mmoja tu akiharisha anatosha.

Maandalizi yetu tunayamaliza Februari, kabla mvua za masika hazijaanza. Vyoo vya mabondeni vikifurika na visima vikaingiwa na maji machafu, hakuna wa kukuuzia muda. Simtank tunaiosha na kuijaza. Maji ya boza na ya kisima hayanywewi mpaka yachemshwe au yatiwe dawa, hata muuzaji aape vipi. Kabatini tunaweka pakiti za ORS (unga wa chumvi na sukari unaochanganywa na maji kwa anayeharisha), glovu, barakoa, sabuni, jiki, mipira ya kutandika godoro, na ndoo mbili zenye koki.

Kuhusu jiki, usikisie. Soma kwenye chupa ina klorini asilimia ngapi. Kwa kusafishia matapishi na choo unataka dawa ya asilimia 0.5. Gawanya namba ya chupa kwa 0.5, kisha toa 1. Chupa ya 3.5 inakupa 7, ukitoa 1 zinabaki 6: kikombe kimoja cha jiki, vikombe 6 vya maji. Ndoo yetu nimeichora mistari kwa rangi ya kucha ili hata anayeingia zamu ya usiku na usingizi wake asikosee. Funika uchafu kwa kitambaa, mwagia dawa, subiri dakika 10, ndipo ufute. Changanya mpya kila siku, na usiichanganye kamwe na dawa nyingine ya choo, kwa sababu hewa inayotoka inaumiza mapafu. Kwa mikono, sabuni na maji tiririka. Vitakasa mikono vyenye spiriti ni vizuri, ila baadhi ya virusi vya kuharisha havishtuki navyo.

Sasa niseme jambo linaloniuma. Wazee wetu hawatoki. Ugonjwa unawafuata, na mara nyingi tunauleta sisi, tuliobanana kwenye daladala alfajiri. Mapema 2020, UVIKO-19 ilipoingia kwenye makao ya wazee katika mji wa Kirkland, jimbo la Washington huko Marekani, wachunguzi wa afya walikuta kwamba miongoni mwa yaliyoueneza ni wafanyakazi kuja kazini wakiwa na dalili, na wengine kufanya kazi kwenye makao zaidi ya moja. Niliposoma hayo niliwaona wenzangu. Mahali nilipoanzia kazi hii, siku usiyokuja hulipwi. Dada mmoja alikuja akiharisha kwa sababu ana watoto watatu na kodi ya chumba. Nani amlaumu? Kama unasimamia makao, tenga fedha za siku za ugonjwa kabla hujatenga za barakoa. Anayeharisha au kutapika akae kwake mpaka zipite saa 48 tangu mara ya mwisho, na alipwe. Hakuna dawa ya kunyunyiza inayoshinda hiyo.

Mlipuko ukianza, mpeleke mgonjwa kwenye chumba chenye dirisha la kufunguka. Kama chumba hakuna, vitanda viachane angalau mita 1, wenye dalili moja wakae upande mmoja. Chagua mtu mmoja wa kuwahudumia wagonjwa, asiingie kwa wazima. Kama mko wachache, anza na wazima, maliza na wagonjwa, usirudi nyuma. Glovu unabadilisha kwa kila mzee na unanawa kila unapozivua. Nimeona watu wakizunguka wodi nzima na jozi moja, wakiamini wamejikinga.

Kwa anayeharisha, kikombe cha ORS kila baada ya choo, kwa vijiko kama anatapika. Pakiti moja kwa lita 1 ya maji salama, isipunguzwe wala kuongezwa. Usitegemee kuvuta ngozi ya mkono kupima upungufu wa maji, kwani ngozi ya mzee imelegea hata akiwa mzima. Tazama ulimi, macho, na muda tangu akojoe. Choo kikiwa kama maji ya kuoshea mchele, usingoje: apelekwe hospitali huku anakunywa njiani, na taarifa itoke siku hiyo hiyo kwa afisa afya wa kata. Kipindupindu hutolewa taarifa ndani ya saa 24. Namba ya Wizara ya Afya, 199, haina malipo, tumeibandika mlangoni.

Upele wa kuwasha wengi hawauhesabu kuwa mlipuko, lakini ndio ulionifunza. Nilipaka dawa waliojikuna tu. Baada ya mwezi ukarudi, kwa sababu mtu anaweza kukaa wiki kadhaa nao kabla hajaanza kuwashwa. Sasa tunapaka wote siku moja, wazee na watoa huduma, shingoni mpaka nyayoni, na tunarudia kadiri tabibu alivyoelekeza. Mashuka na kanga zinafuliwa kwa maji ya moto, na kisichofulika kinafungwa kwenye mfuko wa plastiki kwa wiki nzima. Macho mekundu yalipozunguka Dar mwanzoni mwa 2024, kila mzee alishonewa alama ya uzi wa rangi yake kwenye taulo. Alama hizo hatujazitoa.

Wageni na wafadhili wanahitaji ulimi mtamu. Watu wanakuja Ijumaa na Jumapili na sufuria za pilau, na mwezi wa Ramadhani futari inajaa meza. Ni baraka, sitaki wakome. Wakati wa mlipuko nawapigia mapema: "Dada yangu, safari hii tuletee mchele na mafuta, tutapika wenyewe." Hakuna aliyekasirika. Ndugu wa mzee siwazuii kabisa. Mmoja mmoja, amenawa, amevaa barakoa, akae karibu na dirisha. Asiyeweza kuja apigiwe simu, nawe umshikie mzee simu sikioni mpaka waagane.

Maana kumtenga mzee kuna madhara yake. Akilala siku 10 bila kusimama, miguu inasahau kazi. Akila peke yake, anaacha kula. Mweleze kila siku kwa nini yuko pale, hata kama jana ulimweleza. Mtembeze chumbani asubuhi na jioni. Babu zetu wawili waliokuwa wakikohoa pamoja niliwapelekea bao lao, na jioni nikaziosha kete kwa sabuni moja moja. Kitanda cha 4 kilipelekewa kahawa ya tangawizi kila saa 10, ainywe asiinywe.

Kumaliza mlipuko kunategemea ugonjwa. Kwa kikohozi sisi tunahesabu siku 14 tangu mgonjwa wa mwisho aanze dalili, na akitokea mpya tunaanza upya kuhesabu. Zikitimia tunaosha vyumba, tunaanika magodoro juani, tunahesabu pakiti zilizobaki kabatini, na orodha ya zilizopungua inaenda dukani siku hiyo hiyo.