Kuongeza ghorofa juu ya nyumba ya mawe ya zamani Lamu, hatua kwa hatua

Mwongozo huu ni wa mwenye nyumba ya mawe, mtaa wa Mkomani au wa Langoni mjini Lamu, anayetaka kumwongezea binti yake chumba juu kama walivyofanya wazee. Kazi hiyo inawezekana. Kinachoziua nyumba zetu ni saruji na haraka.

1. Ruhusa. Mji wa kale wa Lamu uko kwenye orodha ya UNESCO tangu 2001, na sheria ya Kenya inaulinda. Peleka ramani kwa watu wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya na kwa kaunti. Punda wa kwanza wa mchanga asifike mlangoni kabla karatasi haijatoka.

2. Tafuta maji yanakopita. Hapa usiharakishe. Panda paani uangalie nyufa, mifereji iliyoziba na miche iliyoota kwenye mawe. Shuka chooni, kisha ukague ukuta wa nje chini kabisa. Ukiona unga mweupe ukiupangusa ukabaki kidoleni, hiyo ni chumvi, na chumvi haiji bila maji.

Ukuta wa matumbawe na chokaa hunyonya unyevu na kuutoa wenyewe. Ukiupiga lipu ya saruji, unyevu hunaswa ndani, chumvi huganda nyuma ya lipu, na baada ya muda lipu huanguka na jiwe nalo humomonyoka. Kwa hiyo saruji yote itoke, kwa patasi na nyundo ndogo. Mashine ya kuchimbia ni marufuku, maana mtikisiko wake hulegeza mawe yaliyokuwa salama. Kisha uache ukuta ukauke. Kaskazi, miezi ya kiangazi kabla ya masika, ndio msimu mzuri. Masika yakikukuta ukuta ukiwa wazi utajuta.

3. Boriti. Boriti za mikoko huoza kwenye ncha zilizoingia ukutani, pasipoonekana. Gonga karibu na ukuta: nzima hulia kwa sauti kali, iliyooza hutoa sauti ya kufifia. Chokoa na msumari uhakikishe. Tegemeza dari kwa nguzo, kisha ubadilishe boriti moja moja. Fundi akikwambia mbili kwa mpigo zitaokoa muda, mkatalie.

Angalia pia kwamba vyumba vya zamani ni vyembamba. Urefu wa boriti ndio uliopima upana wa chumba, na uzito wote wa dari huishia kwenye kuta. Basi kila ukuta wa juu ukalie ukuta wa chini. Usiruhusu kamwe ukuta mpya katikati ya dari, hata ukiwa mfupi, hata binti akitaka chumba kikubwa zaidi.

4. Chokaa. Chokaa iliyochomwa izimwe kwa maji (inachemka, kinga macho na mikono), kisha iloweshwe wiki kadhaa hadi iwe laini kama siagi. Changanya sehemu 1 ya chokaa na 3 za mchanga wa shimo. Mchanga wa pwani una chumvi, na utairudisha ile uliyoitoa. Lowesha ukuta, paka tabaka nyembamba zisizozidi sentimita 1, na uzifunike kwa magunia yenye maji ili zisikauke upesi.

5. Ghorofa yenyewe. Tumia tena mawe yaliyotoka kwenye nyumba. Ukipata nafasi ya makuti juu, chagua makuti, kwani ni mepesi na upepo hupita. Fundi apime kuta kwa timazi (uzi wenye uzito wa kuonyesha kama ukuta umesimama wima) kila mistari michache ya mawe.

6. Tangi. Tangi la lita 1,000 likijaa lina uzito wa tani 1. Liweke kwenye kona, juu ya mahali kuta mbili zinapokutana, na bomba la kumwagia maji ya ziada lielekezwe barabarani, mbali na ukuta.