Ploti ya miombo: kuanzia kamba ya kwanza hadi karatasi ya hebaria

Mti ambao wanasayansi huuita Afzelia quanzensis, mtu wa Kilwa atakwambia ni mkongo, wa Kilifi atakwambia ni mbambakofi, na wote wawili wako sahihi. Mgunga ni kinyume chake: jina moja linabeba spishi kadhaa. Zamani zote ziliandikwa Acacia. Mkutano wa wataalamu wa mimea wa Vienna mwaka 2005, na baadaye ule wa Melbourne mwaka 2011, uliacha jina hilo kwa kundi ambalo sehemu kubwa liko Australia, na migunga yetu ikagawanywa kati ya Vachellia na Senegalia. Fomu ya ploti (kipande cha msitu kilichopimwa kwa kamba) iliyoandikwa "mgunga, sm 24" bila tawi lililobebwa haiwezi kusahihishwa na mtu yeyote baadaye. Kwa sababu hiyo, upimaji wa uoto na ukusanyaji wa sampuli vinaelezwa hapa kama kazi moja, kwa mfano wa misitu ya miombo ya Tanzania.

Kwanza chagua msimu, maana hakuna safari moja inayotosha. Brachystegia spiciformis, mmoja wa miti mikuu ya miombo, hutoa maua kati ya Agosti na Novemba, wakati majani mapya mekundu yanapochipua kabla ya mvua. Jirani yake Julbernardia globiflora huchanua kuanzia Januari hadi Mei. Nyasi nazo hutambulika vizuri zikiwa na masuke, mwishoni mwa mvua, Aprili na Mei. Ukienda Septemba utakuta moto umeshapita. Anayeweza kufanya safari ndefu moja tu aende Aprili, halafu arudi Oktoba kwa siku mbili kuchukua maua ya miti iliyobaki.

Vibali vianze kushughulikiwa miezi kadhaa kabla. Tanzania kibali cha utafiti hutoka COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, na ukiingia msitu wa hifadhi wa serikali kuu unahitaji pia ruhusa ya TFS, wakala wa huduma za misitu. Kenya ni NACOSTI, tume ya sayansi ya huko. Mpingo na ndugu zake wote wa jenasi ya Dalbergia, mishubiri ya porini na okidi ziko chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya spishi zilizo hatarini, kwa hiyo nakala ya sampuli inayotumwa nje ya nchi inahitaji karatasi za ziada hata kama ni tawi moja kavu.

Kupiga ploti

Ukubwa unaofaa miombo ni mita 20 kwa 50, yaani sehemu moja ya kumi ya hekta. Mahali pa ploti pachaguliwe kwenye ramani kabla ya kuondoka ofisini, kwa bahati nasibu au kwa umbali sawa. Ukichagua ukiwa porini, macho yatakupeleka kwenye miti mikubwa na penye kivuli, na msitu wako utaonekana mnene kuliko ulivyo. Amua mapema pia utafanya nini nukta ikiangukia shambani au barabarani, kwa mfano kusogea mita 100 kaskazini, na ufuate kanuni hiyohiyo kila mara.

Watu wanne wanatosha: wawili wa tepu, mmoja wa kutambua na kukata, mmoja wa kuandika. Mwandishi asipewe kazi nyingine. Simika kigingi cha kwanza kwenye kona, subiri jipiesi ionyeshe usahihi wa mita 5 au pungufu, kisha andika viwianishi pamoja na mfumo wake, WGS 84. Vuta mstari wa mita 50 kwa dira. Ili kupata pembe ya nyuzi 90 kwenye kona, pima mita 6 kwenye mstari mrefu na mita 8 kwenye mstari mfupi. Umbali kati ya alama hizo mbili lazima uwe mita 10 kamili. Watu wengi hutumia 3, 4 na 5, nayo ni sahihi kihesabu, ila kosa dogo kwenye mita 3 hukua sana ukifika mita 50. Ukimaliza kona zote nne, pima mishazari miwili: kila mmoja uwe mita 53.85. Zikipishana kwa zaidi ya nusu mita, ploti imepinda, irudie.

Kwenye mteremko, vipimo vya ploti ni vya usawa, siyo vya kufuata ardhi. Ili upate mita 20 za usawa, vuta tepu mita 20.31 kwenye mteremko wa nyuzi 10, mita 21.28 kwenye nyuzi 20, na mita 23.09 kwenye nyuzi 30. Asiyesahihisha hili anapima eneo dogo kuliko anavyodhani.

Gawa ploti katika miraba kumi ya mita 10 kwa 10. Miti yenye kipenyo cha sm 10 na zaidi ipimwe katika miraba yote, fito za sm 1 hadi 10 katika miraba miwili tu, na nyasi na magugu katika fremu tano za mita 1 kwa 1. Mti ulio juu ya kamba unahesabiwa ndani ikiwa katikati ya kitako chake iko ndani. Kila mti uliopimwa uchorwe chaki upande unaotazama kule mnakoelekea. Mkigeuka nyuma, usio na chaki utaonekana mara moja.

Kwa mimea ya chini, andika kiasi inavyofunika ardhi kwa kipimo cha Braun-Blanquet: alama ya + kwa mmea mmoja mmoja usiofunika kitu, 1 kwa chini ya asilimia 5, 2 kwa 5 hadi 25, 3 kwa 25 hadi 50, 4 kwa 50 hadi 75, na 5 kwa zaidi ya hapo. Makadirio ya mtu hutofautiana na ya mwenzake, kwa hiyo mtu huyohuyo akadirie fremu zote za ploti.

Kipenyo

Kipenyo hupimwa mita 1.3 kutoka ardhini. Kata fimbo ya urefu huo na uiegemeze kwenye shina. Usitumie kifua chako, maana vifua vya watu wanne vina vimo vinne. Kwenye mteremko simama upande wa juu. Mti ulioinama, fuata shina lenyewe. Ukigawanyika chini ya mita 1.3, kila shina lipimwe peke yake lakini libaki na namba moja ya mti. Kwangua udongo wa mchwa, na mtambaazi uvute tepu ipite chini yake.

Kosa linaloharibu data nyingi kuliko yote ni kuchanganya mzingo na kipenyo. Tepu ya fundi cherehani husoma mzingo. Tepu ya misitu husoma kipenyo moja kwa moja. Zikitumika zote katika timu moja bila kuandikwa, baadhi ya miti itanenepa mara 3.14, na eneo la mkato wa shina litapanda karibu mara kumi. Fomu iwe na safu mbili tofauti. Mzingo wa sm 94 ni kipenyo cha sm 29.9. Eneo la mkato ni 94 mara 94, gawanya kwa 12.57, yaani sm za mraba 703, sawa na mita za mraba 0.0703. Jumlisha miti yote, zidisha kwa 10, umepata eneo kwa hekta.

Majani yanayodanganya

Brachystegia spiciformis na Julbernardia globiflora husimama bega kwa bega na hufanana gome na kimo. Shika jani ambatano (jani moja lililogawanyika kuwa vijani, yaani majani madogo) la tawi lililokomaa na uhesabu jozi za vijani. Brachystegia spiciformis kwa kawaida huwa na jozi nne, na jozi ya mwisho, ile ya ncha, ndiyo kubwa kuliko zote. Kwa Julbernardia globiflora jozi kubwa ni za katikati, na ukiinua kijani dhidi ya mwanga utaona vinyweleo vifupi pembeni. Tena, maganda ya Julbernardia hukaa juu ya majani, ya kahawia kama mahameli, yanaonekana ukiwa mbali. Usitambue kwa machipukizi ya kisiki: majani yake huwa makubwa kupita kiasi na hesabu ya jozi huvurugika. Mninga ni rahisi zaidi, kovu dogo la panga hutoa utomvu mwekundu, na tunda lake la duara lina bawa pembeni na miiba laini katikati.

Kuchukua sampuli

Kila spishi inayoonekana mara ya kwanza ichukuliwe, hata ile mnayoijua. Mti usio na ua wala tunda pia uchukuliwe kama ushahidi wa ploti, ila rudi baadaye kutafuta wenye maua. Tawi liwe la sm 30 hadi 40, kwa kuwa karatasi ya hebaria (hazina ya sampuli za mimea mikavu) ni takribani sm 28 kwa 42. Likizidi, likunje kama V au N; usikate ncha. Ukipunguza majani, acha vikonyo vyake vibaki vikionyesha mahali yalipokuwa. Geuza jani moja au mawili ili upande wa chini uonekane. Mmea mdogo ung'olewe na mizizi yake, udongo uoshwe. Chukua nakala tatu kwa uchache: moja ya taasisi yako, moja ya hebaria ya taifa, moja ya mtaalamu atakayeitambua.

Namba ya mkusanyaji ni moja, inaanza na 1 na haianzi upya maishani mwake, si kila mwaka wala kila ploti. Iandike kwa penseli kwenye ukingo wa gazeti linalobeba mmea, kwenye daftari na kwenye fomu ya ploti, katika safu yake tofauti na namba ya mti. Kisha andika yale yatakayopotea mmea ukikauka: rangi ya ua, harufu, rangi ya utomvu, kimo, gome lilivyo nje na ndani, na jina la kienyeji pamoja na lugha yake. "Jina la kienyeji: mtundu" bila kutaja lugha ni taarifa nusu.

Kukausha

Ndani ya kibanio (fremu mbili za kubana mimea kwa mikanda) panga hivi: kadibodi yenye mikunjo, karatasi ya kunyonya unyevu, gazeti lenye mmea, karatasi nyingine, kadibodi. Mifereji ya kadibodi yote ielekee upande mmoja ili hewa ya moto ipite. Kaza mikanda kwa goti, na ukaze tena baada ya saa chache mimea inapolegea. Badilisha karatasi kila siku kwa siku tatu za mwanzo. Joto liwe nyuzi 40 hadi 50. Balbu za umeme chini ya sanduku la mbao ni salama kuliko jiko la mkaa, ambalo hupika sampuli na wakati mwingine huchoma kibanda kizima.

Majani yakigeuka meusi, ama yalikaa kwenye mfuko siku nzima kabla ya kubanwa, ama yalipata moto mkali yakiwa mabichi. Ukungu unamaanisha yalikauka polepole mno. Vijani kupukutika ni tatizo la kila siku la miombo, na tiba yake ni spiriti: funga rundo la magazeti ndani ya mfuko mzito wa plastiki, mimina spiriti ya asilimia 60 hadi 70 mpaka magazeti yote yalowe, ziba kabisa. Rundo litakaa wiki kadhaa likisubiri umeme. Hasara yake ni kwamba rangi hupotea na DNA huharibika, hivyo kabla ya kumimina chukua vipande vya jani changa, uvitie kwenye silika jeli (chembe zinazonyonya unyevu) yenye uzito mara kumi ya majani. Chembe za rangi ya chungwa zikigeuka kijani, badilisha. Mimea yenye maji mengi kama mishubiri ichovywe kwenye maji yanayochemka kwanza, bila ua, la sivyo itaendelea kuishi ndani ya kibanio.

Kujua kama imekauka, gusisha jani mdomoni: likiwa baridi, bado.

Lebo na jina

Lebo ijitosheleze, mtu aisome bila daftari lako. Mfano:

Fabaceae. Julbernardia globiflora. Tanzania, Tabora, Wilaya ya Sikonge, km 12 kusini mwa mji wa Sikonge. 5°44' Kusini, 32°46' Mashariki. Mwinuko m 1,170. Miombo kwenye udongo wa kichanga, pamoja na Brachystegia spiciformis. Mti wa m 11, kipenyo sm 27; gome la kijivu; maua meupe. Ploti 3, mti 41. 20 Aprili. Jina la mkusanyaji, na. 214.

Kabla ya kuingiza hebaria, ziba sampuli kwenye plastiki na uzigandishe kwa nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki moja, kisha ziache zifikie joto la chumba bila kufungua, zisipate umande. Lengo ni kuua wadudu, hasa yule mbawakawa mdogo anayekula tumbaku ghalani, ambaye mimea mikavu ya aina yoyote kwake ni chakula.

Kwa jina, anza na funguo (maelezo ya kutambua mmea hatua kwa hatua) za mfululizo wa vitabu wa Flora of Tropical East Africa, iliyoanza kuchapishwa 1952 na kukamilika 2012 ikiwa na spishi zaidi ya 12,000. Majina mengi yamebadilika tangu hapo, hivyo angalia jina la sasa kwenye tovuti ya Plants of the World Online. Halafu linganisha na sampuli zenyewe: Hebaria ya Taifa Arusha, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, au hebaria ya Afrika Mashariki iliyoko Nairobi, ambayo chimbuko lake ni Amani, Tanga, mwaka 1902 kabla ya kuhamishwa mwaka 1950. Ufunguo pekee hautoshi. Ukikosea hatua moja utafika kwenye jina linalosikika vizuri na siyo lake. Usipofikia uhakika andika "cf." (yaani linganisha na) kabla ya jina la spishi, au "Combretum sp. A" na namba ya sampuli yako.

Mtaalamu akibadilisha jina, bandika kipande kipya chenye jina lake na mwaka, cha zamani kiache palepale. Kisha fungua fomu ya ploti, tafuta namba ileile ya sampuli, na ubadilishe jina kwa kila mti ulioandikwa chini yake.