Kumfundisha mtoto kutafuta mahali kwa latitudo na longitudo

Watoto wengi wa darasa la tano huweza kukariri kwamba latitudo na longitudo ni mistari ya kufikirika inayochorwa kwenye ramani, lakini ukiwapa ramani na namba mbili hawaioni Dodoma. Ufafanuzi uliwafikia kabla hawajajua mistari hiyo inatatua shida gani, na ndiyo maana mimi huanza na shida yenyewe.

Hatua ya kwanza hufanyika kwenye madawati. Mpe mtoto kalamu, umwambie aipeleke kwa mwenzake aliyekaa mstari wa tatu kutoka mbele. Atasimama akikuuliza, "Mwalimu, kwa nani?" kwa kuwa mstari huo una watoto wengi. Sasa ongeza namba ya pili, yaani safu ya nne kutoka dirishani, na kalamu itafika bila swali. Rudieni mara kadhaa, kisha waulize hesabu inaanzia wapi. Darasani tumekubaliana kuanzia mbele na dirishani. Duniani, kwa latitudo tunaanzia Ikweta, ambayo ipo katikati ya ncha mbili kwa maumbile ya dunia yenyewe, na kwa longitudo tunaanzia mstari unaopita Greenwich, Uingereza, ambao ulichaguliwa na wajumbe wa mataifa waliokutana Washington mwaka 1884. Watoto hupenda kujua kwamba mstari huu wa pili ni makubaliano ya watu, nami naona wanastahili kuambiwa.

Hatua ya pili inahitaji machungwa mawili. La kwanza likate visahani kwa upana, kikonyo kikiwa juu: visahani vya katikati ni vikubwa na vya kando vinazidi kuwa vidogo, na hizo ndizo duara za latitudo, kubwa kuliko zote ikiwa Ikweta. La pili limenye bila kulikata, ili waone mifereji kati ya vipande ikitoka juu hadi chini na kukutana kwenye ncha zote mbili, kama longitudo zinavyokutana. Kwa kumbukumbu huwaambia kwamba latitudo imelala na longitudo imesimama. Hapa lakini tulia, kwa sababu ndipo wengi wanapochanganyikiwa: mstari wa latitudo umelala kutoka magharibi hadi mashariki, ila namba yake inaeleza umbali wa kwenda kaskazini au kusini mwa Ikweta.

Hatua ya tatu ni kuchora Tanzania uwanjani kwa chaki au majivu. Nchi nzima inaingia kati ya nyuzi 1 na 12 kusini, na kati ya nyuzi 29 na 41 mashariki. Namba za kusini ziongezeke mkishuka, jambo linalowashangaza waliozoea namba kupanda kwenda juu. Waite wasimame mahali pao: Kigoma 5 na 30, Mbeya 9 na 33, Mtwara 10 na 40, Dodoma 6 na 36, mji wa Zanzibar 6 na 39, Dar es Salaam 7 na 39. Mtoto wa Zanzibar atajikuta kwenye mstari mmoja na wa Dodoma kwa upande huu, na kwenye mstari mmoja na wa Dar es Salaam kwa upande ule, wala hakuna mwingine mwenye namba zake zote mbili.

Hatua ya nne, ambayo ningeipa kipindi kizima, ni kuikosea Dodoma kwa makusudi kwenye ramani ya dunia. Nyuzi 6 kusini, 36 mashariki, ni Dodoma. Badilisha kusini kuwa kaskazini, utakuwa kusini-magharibi mwa Ethiopia. Rudisha kusini lakini uandike magharibi, utatokea kaskazini-mashariki mwa Brazili, karibu na mji wa Natal. Ukigeuza mpangilio, 36 kusini na 6 mashariki, umo katika Bahari ya Atlantiki, mbali na pwani ya Afrika Kusini. Latitudo hutangulia daima. Watoto waliojifunza grafu kwenye hisabati wamezoea kutaja kwanza namba ya mlalo, kwa hiyo lisemwe wazi. Vilevile wasifupishe mielekeo kwa herufi moja, maana Kaskazini na Kusini zote zinaanza na K, Mashariki na Magharibi zote na M. Neno liandikwe zima.

Wakishaimudu, waeleze kwamba uzi mmoja wa latitudo ni takribani kilometa 111, umbali mkubwa mno kwa anayetafuta kijiji, na kwa hiyo kila uzi hugawanywa katika dakika 60. Dodoma ipo karibu na nyuzi 6 na dakika 10 kusini. Dar es Salaam, nyuzi 6 na dakika 48. Waache wakadirie wenyewe kwa rula kijiji chao kipo dakika ya ngapi.