SOMO: Kupunguza kilo kwenye mfumo wa chaji wa gari la spoti

Wakuu, swali hili nimelijibu faragha hadi nimechoka. Nalimwaga hapa, atakayerudi inbox namtumia linki.

1. Anza na betri. Ya asidi ina kama kilo 15, ya LiFePO4 (aina ya lithiamu) yenye nguvu ya kupiga starta kilo 4 hadi 6. Porsche walipoileta kama chaguo kwenye 911 GT3 ya 2010, waliokoa kilo 10 hapo hapo.

2. Ikae mbali na joto la injini. Buti panafaa.

3. Alteneta. Hapa taratibu. Watu wanakimbilia Gerezani kuchukua ya kirikuu kwa sababu ni nyepesi. Pima kwanza! Washa taa, AC na feni ya rejeta, bana klampu mita kwenye waya mnene wa alteneta, soma ampea gari linazokula. Taa mbili za wati 55 zinakula kama ampea 9, feni 10 au zaidi. Ampea zilizoandikwa kwenye alteneta ni za mzunguko wa juu. Kwenye foleni ya Ubungo haifiki hapo, kwa hiyo unakula betri. Na lithiamu haikuonyeshi dalili: volti inasimama pale pale mpaka inakaribia kuisha, kisha saketi yake ya ulinzi inakata ghafla.

ONYO: chaji isizidi volti 14.6. Regyuleta (kidhibiti volti cha alteneta) mbovu ikipandisha, betri inajikata yenyewe, alteneta inabaki haina pa kumwaga umeme, volti inaruka, kontroli boksi (kompyuta ya gari) inaungua. Kwa sababu hiyo hiyo, usichomoe terminali injini ikiwa inaunguruma, hata fundi akikuambia "tunatesti tu".

Plagi ya Denso yenye pini tatu ina waya wa S, unaosoma volti ya betri. Ukihamishia betri buti, upeleke S huko huko, na fyuzi yake.

4. Puli ya alteneta na za injini zikae mstari mmoja.

MASWALI

— Mkuu, nikitoa alteneta kabisa? Altezza yangu ni ya Mbezi–Posta kila siku.
Rudia namba 3.

— Bei gani?
Mimi siuzi.

— Kwani puli kubwa ya alteneta haisaidii?
Umeuliza vizuri. Uzito haipunguzi, ila alteneta inazunguka polepole. Uwiano wa puli ukiwa 2.5, injini ikifika mizunguko 7,000 kwa dakika alteneta iko 17,500, kwa hiyo kwenye mbio unaipumzisha. Kwenye foleni chaji inashuka zaidi.

— Kuhamishia betri buti si kunaongeza waya?
Kunaongeza. Mita 4 za shaba ya milimita 35 za mraba ni kama kilo 1.3 kabla ya ganda. Ila kilo zinahama kutoka pua ya gari, na mimi hapo nalipa kwa moyo mweupe.

— Nichaji kwa fundi betri wa mtaani?
Muulize kama chaja yake ina hali ya kusafisha salfa (ni ya betri za asidi, inapandisha volti). Ikiwa nayo na haizimiki, ondoka na betri yako.